Mkorea anasema "I was absurd": neno lipi la Kiingereza tumpe kwa mambo ya vioja?

TuisheniChumbageni

Wakuu, salaam aleikum. Kuna darasa dogo la Kiingereza cha mazungumzo hapa Tanga, wanafunzi ni Wakorea watu wazima. Kiingereza cha vitabuni wanacho, na Kiswahili cha sokoni wanakimudu. Tumefika kwenye namna ya kueleza jambo lisiloingia akilini: ofisi inadai nakala ya kitambulisho kilichopotea ndipo ikupe fomu ya kuripoti kwamba kimepotea, duka lina bango la "wazi saa 24" na mlangoni kuna kufuli, dafu linatajwa shilingi 15,000 kwa sababu mnunuzi ni mgeni. Kamusi za simu zinawapa absurd na ridiculous, halafu sentensi zinatoka hivi:

I was very absurd at the office.
The seller said 15,000, so I am ridiculous.
I was ridiculed because the shop was closed.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nianze na neno lipi, maana kuwapa yote manne kwa mkupuo, pamoja na ludicrous na preposterous, kunawavuruga? Kwa nini wote wanakosea mahali pale pale? Na matamshi: ridiculous kwao inatoka na silabi tano, sijui niikamatie wapi.

KiimaNaKiarifu

Mwalimu, nianze na swali lako la pili kwa sababu ukilitatua hilo mengine yanalainika. Kosa haliko kwenye msamiati, liko kwenye kiima.

Kikorea hakilazimishi kutaja kiima pale kinapoeleweka. Kiswahili pia hakilazimishi, lakini sisi tumekibandika kwenye kitenzi: nimeduwaa, ameduwaa, imenishangaza. Wao hawana kibandiko hicho. Mkorea akisema 진짜 어이없어, ambayo ukiisikia kwa sikio la Kiswahili ni kama "chincha oiopso", hakuna popote panapoonyesha kama ni yeye aliyeduwaa au ni jambo lenyewe lililo kioja. Neno hilo hilo linabeba pande zote mbili. Na 황당하다, "hwangdanghada", ni vivyo hivyo: 나는 황당했다 ni "mimi nilipigwa na butwaa", ilhali 황당한 일 ni "jambo la kioja".

Sasa anaingia kwenye Kiingereza, anaambiwa sentensi haisimami bila kiima. Anatafuta kilicho karibu naye, anaokota "I". Matokeo yake, "I was absurd at the office" kwa msikilizaji wa Kiingereza ni "nilifanya upuuzi ofisini". Ametaka kulaumu utaratibu, amejilaumu mwenyewe.

Sentensi yako ya tatu inatoka kwingine, na kwa kweli ni kosa la mwanafunzi mwenye akili. Amefundishwa kwamba Kiingereza kina jozi: shocking ni jambo, shocked ni mtu, confusing ni jambo, confused ni mtu. Akaona ridiculous ni jambo, akatafuta mwenzake wa upande wa mtu, akaunda ridiculed. Bahati mbaya neno hilo lipo, na maana yake ni "kukejeliwa". Kwa hiyo amesema watu walimcheka kwa sababu duka limefungwa. Waambie wazi: ridiculous, absurd na ludicrous hazina mwenza wa upande wa mtu. Upande wa mtu unajazwa na maneno mengine kabisa.

Tiba ninayoipendekeza ni kupitia Kiswahili, maadamu wanakimudu. Andika ubaoni safu mbili. Juu ya safu ya kwanza weka "Ni kioja", juu ya ya pili weka "Nimeduwaa". Chini ya "Ni kioja" zinaingia: It's ridiculous. That's absurd. This rule is ridiculous. Chini ya "Nimeduwaa": I was speechless. I was stunned. I couldn't believe it. Mwanafunzi akitaka kusema 어이없다 (ndilo lile "oiopso" la juu), kabla hajafungua mdomo aulizwe: ni- ya "nimeduwaa" au i- ya "imenishangaza"? Kiswahili kinamlazimisha achague kitu ambacho lugha yake haimlazimishi.

Kisha mpe daraja moja la kumruhusu aanze na "I" bila kujitukana: I found it ridiculous. Daraja hili linamfaa Mkorea kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu linafuata mpangilio wa fikra zake. 나는 그게 황당했다 ina "mimi" mbele kama mada, kisha "hicho", kisha kivumishi. I found it absurd ina vyote vitatu kwa mfuatano huo huo. Kilichoongezeka ni kitenzi tu.

Zimo sentensi za "I" zilizo sahihi, ila zina maana nyingine, na afadhali zisubiri hadi safu mbili zimekaa. I feel ridiculous in this hat ni "najiona kituko na kofia hii". I was being ridiculous ni namna ya kukiri kwamba ulikuwa unang'ang'ania upuuzi. Ukizileta siku ya kwanza utakuwa umebomoa kila ulichojenga.

BintiDunda

Nachangia kutoka Bagamoyo, swali la kwanza. Anza na ridiculous. Absurd ije ya pili, na ludicrous na preposterous waishie kuzitambua wakizisoma, wasisumbuliwe kuzisema.

Sababu ni matumizi. Kwenye mazungumzo ya kila siku ridiculous inakwenda kila mahali: bei, foleni, sheria, nguo, kisingizio. Absurd ina harufu kidogo ya kitabu, na nguvu yake iko kwenye mantiki iliyojipinga yenyewe. Ule mfano wako wa nakala ya kitambulisho kilichopotea ndio makao halisi ya absurd. Dafu la 15,000 ni ridiculous. Mtu akisema absurd price hajakosea, lakini akilini mwa Mwingereza dafu halina mantiki ya kupindishwa, lina bei ya kuchekesha tu. Asili za Kilatini zinaonyesha hivyo: ridiculous imetoka kwenye kucheka, absurd imetoka kwenye sauti iliyotoka nje ya tuni.

Lakini usiwape tafsiri ya neno kwa neno. Kikorea kina maneno mengi ya eneo hili, na kila moja lina sentensi yake ya Kiingereza. Kamusi inayarundika yote kwenye absurd, na hapo ndipo wanapopotea. Mimi ningewapa hivi:

터무니없다, "tomuniopta", ni kitu kisicho na msingi. Ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu linakaa kwenye jambo na kwa kawaida halimrukii mtu. 터무니없는 가격 ni a ridiculous price, na 터무니없이 비싸다 ni ridiculously expensive. Anza somo hapa. Mwanafunzi atapata sentensi sahihi mara ya kwanza na atajiamini kabla hujamwingiza kwenye 어이없다.

말도 안 돼, "maldo andwe", kwa neno kwa neno ni kama "hata maneno hayawi". Chunga hapa. Kwa Mkorea hii ni ya habari mbaya na nzuri pia: umeambiwa umeshinda zawadi, unapiga kelele 말도 안 돼! Akiitafsiri That's ridiculous! mbele ya mtu aliyemletea habari njema, amemwambia habari yake ni ya kijinga. Kwa habari njema aseme No way! au I can't believe it! Kwa hoja isiyosimama aseme That makes no sense. Ridiculous ibaki kwa kitu anachokikataa.

웃기다, "utkida", ni kuchekesha. Ikiwa kwenye katazo, 웃기지 마, inalingana vizuri sana na Don't be ridiculous, karibu na sisi tunaposema "usinichekeshe". Wasitafsiri Don't make funny.

우스꽝스럽다 ni ya muonekano: mtu kavaa suti na kandambili. Hiyo ni look ridiculous. Absurd hapa haikosei ila haiji haraka mdomoni.

기가 막히다, "kiga makida", ni pumzi kuziba. Hii ina pande mbili, kama ambavyo Tanga mtu akisifia pweza wa nazi husema "hatari!" au "balaa!" na kila mtu akaelewa ni sifa. 기가 막히게 맛있다 ni chakula kitamu kupindukia, na Kiingereza cha mazungumzo kinakubali: ridiculously good. Wanafunzi hufurahi wakilijua hili, maana wamezoea kuona ridiculous kama tusi. Ila wabane kwenye kielezi chenye -ly. Ukisema The food is ridiculous bila sauti ya kusifia, mpishi anaweza kununa.

Sasa 부조리, "pujori". Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote na vitabu haviusemi. Ukitafuta absurd kwenye kamusi ya Kikorea, 부조리한 hujitokeza, kwa sababu ndilo neno la wanafalsafa na la ile michezo ya kuigiza ya Ulaya iliyovuma miaka ya 1950. Wanafunzi wa sanaa hapa Bagamoyo wanaijua michezo hiyo. Lakini kwenye habari na maofisini Korea, 부조리 ni uozo: rushwa, uonevu wa wakubwa kwa wadogo jeshini, mambo kufanywa kinyume cha taratibu. Kwa hiyo Mkorea anaandika There are many absurdities in my company akimaanisha kuna ufisadi, na msomaji anaelewa kuna vituko. Kwa maana ile aandike corruption, abuse of power, au unfair practices, kulingana na kilichofanyika. Ukikuta absurd kwenye insha ya Mkorea kuhusu serikali au kampuni, usiipige tiki wala msalaba kabla hujamuuliza alitaka kusema nini.

SilabiMoja

Matamshi. Hesabu yako ya silabi tano ni sahihi, na ukiangalia maandishi utaona inakotoka. Wakorea huandika 리디큘러스: ri-di-kyul-lo-su. Silabi ya Kikorea ikifungwa na konsonanti, sauti zinazoruhusiwa kufunga ni saba tu, na s haimo. Basi s ya mwisho hutiwa irabu ndogo ili isimame yenyewe. Kiingereza kina silabi nne, na mkazo uko kwenye ya pili: ri-DI-kyu-las.

Kuna jambo ambalo mwalimu Mswahili lazima alijue kabla hajamsahihisha mtu: sisi tuna tabia ile ile. Tumefanya school kuwa skuli na bank kuwa benki. Sikio letu halishtuki likisikia irabu ya ziada mwishoni, kwa hiyo mwanafunzi atasema "ridikyulasu" na wewe utaona amepatia. Usitegemee sikio. Tumia mkono: piga meza kwa kila silabi huku yeye akisema. Mapigo yakiwa matano, amekosea. Njia ya kuikata ile irabu ni kumfanya aivute s kama anayetuliza mtoto, ssss, kisha afunge mdomo bila kuachia sauti.

Kosa la pili ni letu zaidi kuliko lao. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwalimu asiyejichunga anasema ri-di-KYU-las, na darasa zima linamfuata. Kikorea cha Seoul hakina mkazo wa namna hiyo. Wao hutamka silabi zote kwa uzito mmoja. Maana yake hawatakupinga, watanakili chochote utakachowapa. Rekodi sauti yako kwenye simu kwanza, ulinganishe na kamusi yenye sauti.

Herufi r ya mwanzo: Kikorea kina sauti moja, ㄹ, inayofanya kazi ya r na ya l kulingana na mahali ilipo. Katikati ya irabu hugonga kama r yetu ya "hari". Ikijirudia, ㄹㄹ, inakuwa l safi. Kwa sababu hiyo l iliyo ndani ya ridiculous haina shida, maana 큘러 ina ㄹ mbili zinazofuatana. Shida ni ile r ya kwanza, wanaigonga. Mwambie abane midomo kama anataka kusema "u", ncha ya ulimi irudi nyuma isiguse kitu, kisha atoe "ri". Ncha ikigusa juu, imeshakuwa r ya Kikorea. Kusema kweli r ya kugonga haiharibu maana, mkazo na silabi ya ziada ndivyo vinavyoharibu. Kama muda ni mchache, acha r.

Ludicrous namuunga mkono BintiDunda, isisemwe. Silabi zake ni tatu, LU-di-kras, lakini kwa maandishi yao ni 루디크러스, tano. L ya mwanzo inageuka r ya kugonga, na k na r katikati vinatenganishwa na irabu. Kikisikika haraka, mtu hajui ni ludicrous au ridiculous.

Absurd ni fupi na inafundishika: silabi mbili, mkazo kwenye ya pili, ab-SAAD kwa Kiingereza cha Uingereza. Wao husema 앱서드, tatu. D ya mwisho ikatwe kwa ncha ya ulimi kubaki imegandama juu. B wanaizima kwa kufunga midomo bila kuiachia, na hapo wako sawa kabisa, hata kuliko sisi tunaopenda kusema "abusad".

TuisheniChumbageni

Nashukuru sana. Ile ya ni- na i- inaingia ubaoni kesho. Nina jambo jingine: mmoja alimwambia mama mwenye nyumba That's ridiculous kuhusu bili ya maji, na mama akachukia. Mwanafunzi anashangaa, anasema kwa Kikorea angesema 좀 황당하네요 na pasingekuwa na ugomvi. Namwelezaje?

KiimaNaKiarifu

Mweleze kwamba alichokiacha nyuma ni mwisho wa kitenzi. Kwenye 좀 황당하네요 kuna 좀, "kidogo", na kuna -네요 inayofanya kauli iwe ya mtu anayeshangaa peke yake kwa adabu, si ya kumshitaki mwenzake. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Ulaini ambao Kikorea huutia mwishoni mwa kitenzi, Kiingereza huutia mbele na katikati ya sentensi: Sorry, but this bill seems a bit high. Ukitazama, neno lenyewe limetoweka. Mbele ya mkubwa au mwenye nyumba, kivumishi hiki hakitumiwi kwa kitu alichokileta yeye. Kinatumiwa kwa hali ambayo hakuna aliyekaa hapo anayeimiliki: The water was off all month, so the whole situation is a bit absurd. Hapo mama mwenye nyumba anaweza hata kukubaliana naye.

Ngazi nyingine ni ya mtu. You're ridiculous ni hukumu juu ya utu wake. You're being ridiculous ni juu ya anachokifanya sasa hivi, bado ni kali lakini ina mlango wa kutokea. Wakorea huacha being kwa sababu kwao haina kazi. Wasisitizie.

Na kuna Don't be ridiculous ya upole, ambayo kwa Tanga wataisikia kwa Waingereza wakarimu: mgeni anataka kulipia chai aliyokaribishwa, mwenyeji anasema Don't be ridiculous! Ni kama "mambo gani hayo!" ya kwetu. Asidhani ametukanwa. Kikorea wana 무슨 소리야, "unasema nini wewe", kwa hali hiyo, atalielewa upesi.

MzeeWaNgamiani

Naongezea la viongeza-nguvu maana sijaona aliyeligusa, na kwenye sentensi ya kwanza ya mwalimu limo: very absurd. Haya ni maneno ambayo tayari yako kileleni, kwa hiyo very haiyaongezei kitu na inasikika ya darasani. Wape absolutely, completely, totally. So na really zinakubalika kwenye mazungumzo, nazo zinafanana na 너무, "mno", na 진짜, "kweli", wanazozitumia kila dakika. Kwa upande wa kupunguza, a bit na slightly zinakaa vizuri, na Waingereza huzitumia kwa kejeli: slightly ridiculous mara nyingi ni kubwa kuliko inavyosema.

Tahajia: wakiandika kwa kusikia wataweka e, rediculous, kama wanavyofanya hata wenye lugha yao. Waunganishe na ridicule, ambayo wameshaikosea mara moja kwa hiyo hawataisahau, wataona i zote mbili.

Kwa somo lenyewe, dakika 40 zinatosha. Kumi za kwanza ni 터무니없다 na bei tu, wakitaja bei za kupindukia za vitu vya soko la Mgandini au la kwao. Kumi na tano zinazofuata ni kadi. Andika hali kumi kwa Kiswahili chepesi, moja kwa kadi: basi la saa kumi na mbili asubuhi limeondoka kumi na moja na nusu, choo cha umma kimefungwa na mwenye funguo yuko ndani, risiti inatolewa kwa anayeonyesha risiti. Kila anayechukua kadi atoe sentensi mbili, moja ya jambo na moja ya mtu: It left early, that's ridiculous. I couldn't believe it. Zisikubaliwe zikiwa nusu. Dakika zinazobaki ni kupiga meza silabi, kisha mazungumzo ya wawili wawili ambapo mmoja ni mkubwa, ili ule ulaini uliosemwa hapo juu upate mazoezi.

Kinachoharibika mara nyingi kwenye zoezi la kadi ni hali zenye kusikitisha. Ukiweka ajali au msiba, mwanafunzi atasema That's ridiculous, kwa sababu 어이없다 kwa Kikorea inaweza kutumika kwa kifo cha ghafla kisicho na sababu, 어이없는 죽음. Kwa Kiingereza ni ukatili. Hapo ni senseless au tragic. Weka kadi moja ya namna hiyo makusudi, mwishoni, wajue mpaka uko wapi.

BintiDunda

Hiyo ya msiba ni muhimu, asante mzee.

Wanaweza kukuletea hadithi kwamba 어이 ya 어이없다 ni mpini wa jiwe la kusagia: umekaa kusaga, mpini haupo, unabaki mdomo wazi. Ni hadithi inayopendwa sana huko na inasaidia kukumbuka, itumieni. Ila isifundishwe kama asili iliyothibitishwa. Kamusi sanifu ya Kikorea inaieleza 어처구니, neno ambalo ndilo msingi wa hadithi hiyo, kama mtu au kitu kikubwa kupita kiasi, haitaji mpini.

TuisheniChumbageni

Swali la mwisho nisiwachoshe. Wakikosa neno wanakimbilia Kiingereza cha kwao: "It's nonsense", "I'm mental" na "It's irony". Ninayakataza yote?

KiimaNaKiarifu

Kila moja lina dawa yake. Nonsense kwa Mkorea inakuja na mzigo wa 넌센스 퀴즈, vitendawili vya kuchezea maneno, kwa hiyo kwake ni neno jepesi la kufurahisha. Kwa Kiingereza That's nonsense ni kusema ulichosema si kweli. Linafaa kwa madai, si kwa hali. Duka lenye kufuli si nonsense. Bango linalosema liko wazi linaweza kuwa.

I'm mental ikataze leo leo. Inatoka kwenye 멘붕, kifupi cha "akili kuporomoka", ambayo kwao ni utani wa kila siku. Kwa Mwingereza amesema yeye ni mwendawazimu. Mpe My mind went blank au I totally lost it, kulingana na kama aliduwaa au alipandwa na hasira.

It's irony inahitaji sarufi tu: wana 아이러니하다, wakaikata nusu. Ni It's ironic. Lakini hakikisha kuna kinyume kilichojitokeza: kituo cha zimamoto kuungua ni ironic, dafu la 15,000 si ironic hata kidogo. Wakorea hulitumia kwa mkanganyiko wowote ule, kwa hiyo nusu ya mara watakazolisema, neno wanalolihitaji ni lile la safu ya kwanza.